Winston Smith alishindwa kabla hajafika Chumba 101: uchambuzi wa kisa kimoja

Watu wakianza kuongelea riwaya ya George Orwell ya 1984, ile iliyochapishwa London Juni 1949, stori inaenda moja kwa moja kwenye kamera. Teliskrini ukutani, Kaka Mkubwa, yaani kiongozi wa Chama kinachotawala, anakuona, Polisi wa Fikra wanakuja usiku, basi, mjadala umeisha. Vyote hivyo vimo kweli. Lakini ukichukua kisa cha mtu mmoja tu, Winston Smith, ukakifuata hatua kwa hatua toka siku anafungua daftari mpaka siku amekaa kafe na glasi ya jini machozi yanamtiririka, mimi naona kamera ndo sehemu ndogo kabisa ya kazi aliyofanyiwa. Chama hakikuwa na mashine ya kusoma mawazo na wala hakikuihitaji. Kilichofanya ni kumwondolea kila kitu kilicho nje ya kichwa chake ambacho angeweza kukitumia kuhakikisha kama anachokumbuka kilitokea au hakikutokea: karatasi, watu, maneno. Ukishabaki na kichwa chako peke yake, bila shahidi hata mmoja, halafu mtu anakuja anakuambia hukuona ulichokiona, una nini cha kumjibu nacho?

Tumuone mwenyewe kwanza. Ana miaka 39, mguu wa kulia una kidonda sugu juu ya kifundo, anaishi kwenye ghorofa bovu ambalo lifti yake mara nyingi haifanyi kazi, mji ni London lakini nchi imeshamezwa na dola kubwa inayoitwa Oceania. Yuko Chama cha Nje, yaani lile tabaka la makarani. Juu yao kuna Chama cha Ndani ambacho hakifiki asilimia 2 ya watu wote, na chini yao wako watu wa kawaida, asilimia 85 nzima, na hao wengi wao hata teliskrini nyumbani hawana. Hapo wasomaji wengi wanapita haraka, na hapafai kupitwa haraka. Udhibiti mkali kuliko wote hauelekezwi kwa kila mtu, unaelekezwa kwa wale wanaoshika karatasi za nchi. Mfanyakazi wa kiwandani anaachwa anywe bia yake na acheze bahati nasibu yake, karani wa kumbukumbu ndo analindwa usiku na mchana.

Sasa hiyo teliskrini. Inaona na inasikia, huwezi kuizima, unaweza kuipunguza sauti tu, na hujui ni saa ngapi kuna mtu upande wa pili anakufuatilia na saa ngapi hakuna, kwa hiyo unaishi kila dakika kama vile yupo. Kuna asubuhi moja Winston yuko sebuleni anafanya mazoezi ya viungo ya lazima, mawazo yako mbali kabisa, anajaribu kukumbuka utoto wake na vita vilianza lini, na mara mwanamke wa kwenye skrini anapayuka jina lake na namba yake, 6079 Smith W, inama vizuri, wewe unaweza zaidi ya hapo! Angalieni alichokamatiwa: kuinama. Yale aliyokuwa anawaza, ambayo ndo kosa lenyewe la kifo, yule mama hakuyaona. Skrini inaona uso na mgongo, basi. Ndo maana Winston amejifunza kuvaa sura ya matumaini kila anapogeuka kuitazama, na sura ikishavaliwa vizuri ndani mnabaki nyie wawili, wewe na mawazo yako. Sasa kama mambo ni hivyo, Chama kilimpataje?

Tarehe 4 Aprili 1984 (na hata tarehe hiyo hana uhakika nayo, hata mwaka wenyewe anakisia) anakaa kwenye kona ya chumba chake ambayo skrini haifiki, anafungua daftari zuri la zamani alilonunua duka la vitu vikuukuu, anaanza kuandika kwa kalamu ya wino. Kuandika shajara si kosa kisheria kwa sababu hakuna sheria tena, lakini ukikamatwa nayo ni kifo au si chini ya miaka 25 kambi ya kazi ngumu. Watu wanachukulia tukio hilo kama mwanzo wa uasi wake. Mimi naliona kama mtu anayejitengenezea shahidi. Yeye mwenyewe anajiuliza anamwandikia nani, na jibu hana, lakini mkono unaandika tu, maana kitu kikishakaa kwenye karatasi kinakuwa kimetoka kichwani, kina uzito wake, kesho unaweza ukakirudia ukakikuta vilevile. Na yeye anajua thamani ya hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu kazi yake ya kila siku ni kuhakikisha kesho hukikuti vilevile.

Anafanya kazi Idara ya Kumbukumbu kwenye Wizara ya Ukweli. Anapokea vikaratasi vya maagizo, gazeti la zamani lirekebishwe hapa na pale, anarekebisha, toleo jipya linachapwa linachukua nafasi ya lile la zamani kwenye majalada yote, na karatasi ya zamani inatumbukizwa kwenye tundu ukutani inakwenda kuungua kwenye matanuru chini ya jengo. Tundu hilo wanaliita tundu la kumbukumbu. Mfano mmoja uangalieni kwa karibu, maana ndo mfumo mzima umekaa humo. Mwezi Februari wizara inayohusika na chakula iliahidi kwamba mwaka 1984 mgao wa chokoleti hautapunguzwa. Kufika Aprili mgao unashushwa toka gramu 30 hadi 20. Winston anaifuta ile ahadi anaweka onyo kwamba huenda ikabidi mgao upungue. Siku hiyohiyo skrini inatangaza watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kuupandisha mgao hadi gramu 20! Kuupandisha. Yamepita masaa 24 tu tangu waambiwe unashuka, na Winston anaangalia kantini nzima, jirani yake Parsons analimeza bila shida, yule wa meza nyingine analimeza kwa jazba kabisa, na yeye anajiuliza, hivi ni mimi peke yangu mwenye kumbukumbu?

Swali hilo ndo kiini cha kisa kizima. Hajiulizi kama Chama kinadanganya, hilo analijua, ameuandika uongo mwenyewe kwa mkono wake. Anajiuliza kama yuko peke yake. Na kuna kitu Orwell alikiweka ambacho kinaniuma kila nikikisoma: Winston anaipenda kazi yake. Ni furaha yake kubwa maishani. Kuna wiki Chama kinabadilisha adui katikati ya hotuba, msemaji anapewa kikaratasi jukwaani, anaendelea na sentensi ileile ila jina la nchi adui limebadilika, halafu Winston na wenzake wanapiga kazi zaidi ya masaa 90 ndani ya siku tano kurekebisha miaka mitano ya magazeti. Na hasumbuliwi hata kidogo kwamba kila neno ni la uongo, anachohangaikia ni uongo utoke safi. Mtu anayetafuta ukweli usiku ndo huyohuyo fundi bora wa kuufuta mchana, na kila karatasi anayoichoma anachoma ushahidi ambao yeye mwenyewe atakuja kuuhitaji. Hakuna aliyemshikia bunduki pale mezani.

Hii Orwell hakuitoa hewani. Mwaka 1937 alikuwa vitani Hispania upande wa Jamhuri, akapigwa risasi ya shingo, na baadaye akaandika kwamba alisoma magazeti yakielezea mapigano makubwa mahali ambapo hakukuwa na mapigano yoyote, na kimya kabisa mahali ambapo mamia ya watu walikufa. Miaka hiyohiyo kulikuwa na kesi za Moscow, Stalin akiwashtaki wenzake wa zamani wa mapinduzi. Agosti 1936 mshtakiwa mmoja, Goltsman, alikiri mahakamani kwamba mwaka 1932 alikutana na mtoto wa Trotsky, mpinzani wa Stalin aliyekuwa uhamishoni, kwenye hoteli ya Bristol mjini Copenhagen kupanga njama. Hoteli hiyo ilikuwa imebomolewa mwaka 1917. Januari 1937 Pyatakov naye akakiri kwamba Desemba 1935 aliruka kwa ndege mpaka Oslo kuonana na Trotsky, na uwanja wa ndege kule ukasema mwezi huo haikutua ndege yoyote ya kigeni. Wote wawili wakapigwa risasi. Lakini angalia tofauti, dunia ya nje ilikuwepo. Denmark ilikuwepo, Norway ilikuwepo, kulikuwa na gazeti kule la kusema hapana, hoteli hiyo haipo. Orwell akachukua hali hiyohiyo akaondoa Denmark na Norway, akajiuliza ingekuwaje kama hakuna nje.

Na ndani ya riwaya tukio hilo lipo karibu kama lilivyo. Wazee watatu wa mapinduzi, Jones, Aaronson na Rutherford, walikiri kwamba tarehe fulani walikuwa nchi ya adui wakiuza siri. Mwaka 1973 Winston yuko kazini, kwenye rundo la karatasi inatokea nusu ukurasa wa gazeti la miaka kama kumi nyuma, una picha yao wakiwa New York kwenye shughuli ya Chama, na tarehe iko juu ni ileile. Yaani ameshika mkononi karatasi inayothibitisha kukiri kwao ni uongo. Anaifunika na karatasi nyingine, anatulia ili teliskrini isisikie pumzi zake zimebadilika, zinapita dakika kumi, halafu anaitumbukiza kwenye tundu.

Hapo ndipo naona aliposhindwa. Sisemi ni kosa lake, angeificha wapi, chumbani kwake? Angemwonyesha nani? Nasema kwamba dola iliyopangwa vile haina haja ya kumkataza mtu kushika ushahidi, inatosha kuhakikisha ushahidi hauna pa kukaa. Baada ya hapo picha ikabaki kichwani tu, na yeye mwenyewe anasema ile kuishika tu, hata kama imeshaungua, ilikuwa na maana kwake. Sawa, ilikuwa na maana. Lakini hiyo ndo amana pekee aliyokuwa nayo na amana yenyewe ni kumbukumbu.

Karatasi zikishaisha mtu anatafuta watu. Winston anaingia baa moja mtaa wa watu wa chini, anamkuta mzee wa miaka zaidi ya 80 anagombana na muuzaji kwa sababu anataka bia kwa kipimo cha zamani cha painti na yule kijana hajawahi kulisikia neno hilo, wao wana lita na nusu lita. Winston moyo unamdunda, huyu aliuona ulimwengu wa kabla ya Chama! Anamnunulia bia, anamuuliza, ni kweli zamani mabwana waliwatendea watu kama watumwa, maisha yalikuwa bora au mabaya kuliko sasa? Mzee anakumbuka kofia ndefu. Aliwahi kukodi moja kwenye mazishi ya shemeji yake wa kike. Anakumbuka jamaa mmoja mlevi aliyevaa kofia hiyo akamsukuma barabarani usiku mmoja. Winston anarudi kwenye swali, mzee anarudi kwenye kofia, au kibofu chake. Kila anachosema ni cha kweli na hakuna hata kimoja kinachojibu. Kwangu mimi ukurasa huo unatisha kuliko panya wa Chumba 101, kile chumba cha mateso ya mwisho. Mashahidi wapo, hawajauawa, wamekaa baa wanakunywa bia, lakini hakuna aliyewahi kuwauliza kwa miaka na hakuna mahali pa kuunganisha kofia ya huyu na painti ya yule mpaka ikawa historia, kwa hiyo wanakufa nayo vipande vipande. Chama hakikulazimika kuwagusa.

Nyumbani hali ndo hiyo, kwa njia nyingine. Watoto wa Parsons wako kwenye kikundi cha wapelelezi wadogo, wamefundishwa kusikiliza kwenye tundu za milango. Baadaye tunamkuta baba yao selo, binti yake wa miaka saba amemripoti kwa kutamka usingizini kwamba Kaka Mkubwa aanguke. Usingizini! Na Parsons anajivunia binti yake, anasema nilimlea vizuri. Tena mtu huyu alikuwa muumini wa kweli, mshabiki namba moja. Kwa hiyo mtu ambaye ungeweza kumuuliza usiku kwa sauti ya chini, unakumbuka jana walisema 30?, hayupo. Hapo Orwell ni mkali sana, anaonyesha mawazo ya mtu yanahitaji mwingine wa kuyathibitisha, na ukiharibu imani kati ya baba na mtoto umeharibu kiwanda cha kumbukumbu, huna haja ya kwenda kila kichwa.

Kuhusu maneno nitapita haraka kwa kuwa watu wameshaliandika sana. Mwenzake Winston, Syme, yuko kwenye timu ya toleo la 11 la kamusi ya Nyuspiki, lugha mpya ya Chama, na anaeleza kwa furaha kabisa kwamba kazi yao ni kuua maneno, mamia kila siku, ili ifike siku kosa la fikra lisiwezekane kwa sababu maneno ya kulifikiria hayapo. Ninavyoona, Orwell hapa alizidisha, mtu anaweza kuhisi dhuluma bila kuwa na jina lake. Lakini kuihisi ni kitu kimoja na kumweleza mwingine ni kitu kingine, na kwenye hilo la pili yuko sawa kabisa. Syme mwenyewe anatoweka siku moja, jina linaondoka kwenye orodha ya kamati ya chesi, na orodha iliyobaki inaonekana kana kwamba hakuwahi kuwepo. Alikuwa anaelewa mno na anasema wazi mno.

Julia je, mpenzi wake Winston? Wengi wanamchukulia kama tumaini la kitabu, na wanapendana kweli, na kile chumba juu ya duka la mzee Charrington, palepale aliponunua daftari, ni sehemu pekee Winston anapumua. Lakini kama shahidi Julia hafai, na Orwell amelisema hilo bila kumdhalilisha. Ni mwerevu kuliko Winston kwenye mambo mengi, yeye ndo anasema labda mabomu yanayoanguka London serikali inayarusha yenyewe, wazo ambalo Winston hajawahi kulifikia. Ila mambo ya jana hayamgusi. Winston anamwambia miaka minne tu nyuma adui alikuwa mwingine na yeye anasema alidhani tumepigana na huyuhuyu siku zote, wanabishana kama robo saa ndo anaanza kukumbuka kwa mbali, halafu anauliza, kwani inajalisha nini, wote si waongo tu? Anamsimulia ile picha ya 1973 na haoni cha ajabu. Chama hakikumfanya Julia aamini, kilimfanya asijali, na kwa matumizi ya Chama hiyo inatosha sana. Kwa hiyo hata kitandani na mtu anayempenda Winston yuko peke yake na kumbukumbu yake.

Ndo maana anamwendea O'Brien. Watu wanamshangaa, mbona alimwamini bosi wa Chama cha Ndani kwa kutazamana macho tu? Mimi sishangai. Mtu aliyekaa miaka bila shahidi, wa kwanza anayeonyesha ishara kwamba na mimi naona unachoona atamkimbilia, hata kama ni mtego, hata kama ndani kabisa anahisi ni mtego. Na ulikuwa mtego wa miaka saba. Daftari walilijua, ile chembe ya vumbi jeupe aliyoweka juu ya jalada ili ajue kama limeguswa, waliirudisha palepale kwa uangalifu. Charrington ni Polisi wa Fikra, nyuma ya picha ukutani kulikuwa na teliskrini, na kile kitabu cha siri cha upinzani O'Brien anasema ameshiriki kukiandika. Yaani hata shaka yake waliisimamia wao. Kila shahidi aliyedhani amempata, daftari, chumba, kitabu, rafiki, alikuwa amewekwa.

Sasa tukifika Wizara ya Upendo, yaani gereza la mateso anakopelekwa akishakamatwa, kipigo kipo, njaa ipo, mashine ya maumivu yenye namba hadi 100 ipo. Lakini tazama O'Brien anaanza na nini. Anatoa ile picha. Ileile ya 1973, anamwonyesha sekunde chache, Winston anapiga kelele ipo!, O'Brien anaenda ukutani anaitumbukiza kwenye tundu, anasema haipo, haikuwahi kuwepo. Winston anasema ipo kwenye kumbukumbu, naikumbuka mimi, unaikumbuka wewe. O'Brien anajibu kwamba yeye haikumbuki. Winston moyo unazama, na sababu Orwell anaitoa: kama angekuwa na uhakika O'Brien anadanganya isingekuwa na shida. Inawezekana kabisa kweli ameisahau, na ameshasahau kwamba amesahau. Hiyo ndo ile nidhamu ya kushika mambo mawili yanayopingana na kuyaamini yote mawili kwa wakati mmoja. Kwenye chumba kile kuna watu wawili walioiona picha sekunde thelathini nyuma na mmoja wao, kwa hiari yake, ameacha kuwa shahidi. Ukisoma hapo huhitaji kuona umeme.

Halafu O'Brien anainua vidole vinne na swali ni vingapi, jibu analotaka ni tano. Hesabu ya mbili na mbili kuwa tano ilikuwa kauli mbiu halisi ya Urusi ya Kisovieti, kwamba mpango wa miaka mitano ulioanza 1928 utamalizwa kwa miaka minne. Kwenye riwaya inakuwa kipimo. Kusema tano kwa sababu ya maumivu O'Brien hakubali, anajua unadanganya, anataka uone tano, na kuna dakika moja Winston anaona kweli. O'Brien anaeleza kwa nini wanajisumbua namna hiyo: zamani waliwachoma watu moto wakiwa bado wanakataa, na waliokufa wakikataa wakageuka mashujaa. Wao hawaui mtu mpaka awe wao kwanza. Kimantiki hiyo ni kazi ileile ya tundu la kumbukumbu, maana aliyekufa akipinga ni karatasi ambayo haijachomwa.

Kilichobaki kwake ni kitu kimoja, Julia, hajamsaliti moyoni, na usiku mmoja selo analiita jina lake kwa sauti, hajui kama lilimtoka. Chumba 101 ni kwa ajili hiyo, panya ndani ya kizimba karibu na uso wake mpaka aseme mfanyieni yeye, msinifanyie mimi, tena aseme kwa kumaanisha. Nakubali tukio hilo ni kubwa. Ila kimbinu lilikuja kumalizia tu, ukuta ulikuwa umeshaanguka, huu ulikuwa mlango wa mwisho uliosimama peke yake.

Na ushahidi kwamba kazi ilikamilika siuoni kwenye ile sentensi ya mwisho kuhusu kumpenda Kaka Mkubwa ambayo kila mtu anaikumbuka. Kurasa chache kabla, Winston amekaa kafe mbele ya ubao wa chesi, hakuna anayemlinda tena, na inamjia picha bila kuiita: yeye ana miaka tisa au kumi, chumba kina mwanga wa mshumaa, amechoka na mvua inanyesha nje, mama yake ametoka kumnunulia mchezo wa nyoka na ngazi, kibao kimepasuka na dadu zimechongwa vibaya, wanacheza, wanacheka, michezo minane, kila mmoja ameshinda minne, na mdogo wake wa kike hajui kinachoendelea lakini anacheka kwa sababu wao wanacheka. Anaisukuma nje. Anajiambia ni kumbukumbu ya uongo, huwa zinamsumbua mara mojamoja. Hakuna teliskrini iliyoiona picha hiyo, hakuna afisa aliyemwagiza, lakini karani wa Idara ya Kumbukumbu ameihariri mwenyewe kwa ustadi uleule aliokuwa nao mezani. Tundu limehamia kichwani.

Ukilinganisha na riwaya nyingine za aina hii unaona Orwell alichagua njia ngumu. Zamyatin, Mrusi aliyeandika yake mwanzoni mwa miaka ya 1920, anamaliza kwa operesheni ya kuondoa uwezo wa kuwaza vitu visivyokuwepo, unaingia chumba cha upasuaji unatoka mtulivu. Huxley mwaka 1932 anatumia masomo ya usingizini toka utotoni pamoja na vidonge. Zote mbili zinahitaji kifaa cha kubuni, ya Winston haihitaji kifaa chochote ambacho ofisi ya kawaida haiwezi kuwa nacho. Na Margaret Atwood mwaka 1985 akaonyesha upande wa pili wa hoja hii hii: mwanamke aliyefungwa kwenye nyumba ya kamanda anakuta maneno yamechongwa kabatini na mwanamke aliyekaa pale kabla yake, hajui hata maana yake, lakini anayarudia kila siku na yanambeba. Kashahidi kadogo ka sentensi moja. Winston hakukuta kabati lenye maandishi.

Kuna wanaosema kitabu hakiishii kafe, kwa sababu nyuma kuna kiambatisho kinachoeleza Nyuspiki kwa lugha ya kawaida na kwa wakati uliopita, maana yake utawala ule uliporomoka na mtu aliyebaki anauandikia historia. Nalikubali hilo kwa dola, kwa Winston halimsaidii kitu, yeye aliyekuwa amebeba 1973 hayupo na alichokibeba hakipo. Ila ndani ya kiambatisho hichohicho kuna sababu moja ya kiofisi ambayo ingepaswa kutajwa zaidi kuliko huo wakati uliopita. Nyuspiki ilipangwa kushika kikamilifu mwaka 2050, mbali hivyo, kwa sababu ya kazi ya tafsiri: ilibidi Shakespeare, Milton, Swift, Byron na Dickens wageuzwe kwanza, pamoja na marundo ya miongozo ya kiufundi ya kazi za kila siku, na kazi ilikuwa inaenda polepole. Watu walishavunjwa wote, skrini zilishafungwa ukutani, na bado Chama kilikuwa kinahitaji miaka zaidi ya 60 kwa sababu karatasi zilizokwisha kuandikwa zilikuwa nyingi mno.